MWAKA MMOJA JANGWANI
Vijana wa Afrika ya Mashariki waendao Israel kujifunza ukulima kwa mikono yao

Kusini mwa nchi ya Israel, kutoka Bahari ya Chumvi mpaka mji wa Eilat, liko bonde refu jembamba liitwalo Arava. Upande wake wa mashariki ni nchi ya Jordan. Mvua inyeshayo huko kwa mwaka mzima mara nyingi haifiki milimita 50, na mvua kama hiyo yaweza kunyesha Kericho kwa siku moja tu ya masika. Wakati wa kiangazi joto hupita digrii 40. Mgeni akilitazama bonde hilo kutoka barabarani atasema kwamba ni nchi ya ngamia, wala hapana awezaye kulima hapo. Hata hivyo hutoka humo pilipili hoho kwa wingi sana ziuzwazo Ulaya wakati wa baridi, pamoja na tende, nyanya na matikiti.

Katika mashamba hayo, asubuhi kabla jua halijapanda, huonekana vijana wa nchi nyingi wakiwa wameinama mistarini: wa Nepal, wa Vietnam, wa Ethiopia, wa Kenya na wa Tanzania. Hao hawakuja kama vibarua wa kawaida. Ni wanafunzi wa ukulima, wengine wamebakiza mwaka mmoja kumaliza chuo, wengine wamekwisha kupata shahada zao. Wamekuja kwa mpango wa miezi 10 au 11, ambao humtaka mwanafunzi afanye kazi shambani siku tano za juma, na siku moja akae darasani. Siku ya saba ni Sabato, nayo ni ya kupumzika.

Moja katika vituo vinavyoendesha mipango ya namna hii ni Kituo cha Kimataifa cha Mafunzo ya Ukulima cha Arava, kilichoanzishwa mwaka 1994 katika kijiji cha Sapir. Lakini Waafrika walianza kwenda Israel kujifunza kazi zamani zaidi ya hapo. Mwaka 1958 Bibi Golda Meir, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje, alizuru Afrika ya Magharibi, na mwaka 1960 ikafunguliwa taasisi mjini Tel Aviv kwa ajili ya watu wa vyama vya wafanyakazi na vya ushirika kutoka Afrika na Asia. Huko Machakos nako, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilifunguliwa shule ya kuwafunza wafanyakazi wa maendeleo ya jamii kwa msaada wa nchi hiyo. Uhusiano huo ulikatika mwaka 1973 kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Kenya iliurudisha mwaka 1988, na Tanzania mwaka 1995.

MIKONO YA MSOMI

Jambo la kwanza linalomgusa mwanafunzi afikapo ni kazi yenyewe, kuliko joto au chakula kigeni. Kijana huyu amesoma miaka 15 au 16. Tangu utoto ameambiwa na wazazi wake asome kwa bidii ili asije akashika jembe kama wao. Katika shule nyingi za Afrika ya Mashariki mtoto akikosa alipewa jembe alime kama adhabu, hata akakua akidhani kwamba shamba ni mahali pa wakosaji. Ameusoma ukulima katika vitabu, akafaulu, na katika fikira zake amejiona akiwa bwana shamba mwenye pikipiki na daftari. Sasa hupewa mkasi wa kupogolea na ndoo, akaambiwa kwamba mistari ile mitatu yatakiwa iwe imekwisha kabla ya saa nne.

Siku za kwanza mgongo huuma, vidole huvimba, na moyo huingia hasira. Tena ni lazima isemwe wazi kwamba kazi nyingine haina elimu kubwa ndani yake. Kupanga mboga katika makasha, kufagia, kung'oa mimea mikavu baada ya mavuno, hayo hayahitaji shahada. Wako vijana ambao kwa sababu hiyo huona kwamba wamedanganywa, na malalamiko yao hayakosi haki daima, kama itakavyoonekana mbele.

Lakini kijana huyo akiinua macho humwona mwenye shamba. Vijiji vingi vya Arava ni vya namna iitwayo moshav: kila jamaa ina shamba lake, ila mambo makubwa ya kuuza na kununua kwa kawaida hufanywa kwa ushirika. Mwenye shamba, ambaye mazao yake huuzwa ng'ambo, hukutwa amelala chini ya trekta akilitengeneza, au amepiga magoti matopeni akifunga bomba lililopasuka. Hamwiti fundi. Kando yake yuko mfanyakazi kutoka Thailand, kwa maana watu wa Thailand ndio wengi katika kazi za mashamba ya Israel, naye hufunga mashina ya pilipili kwa wepesi ambao mwanafunzi huufikia baada ya miezi. Hapo ndipo msomi, pengine kwa mara ya kwanza, hujifunza ufundi kwa mtu ambaye hana cheti.

Mpango wenyewe umepangwa kulingana na mimea. Katika Arava pilipili hoho hupandwa mwezi wa Agosti, na huvunwa kutoka Novemba mpaka karibu na mwezi wa Aprili. Mwanafunzi afikaye Septemba huikuta miche ikiwa midogo, akaondoka mavuno yakiwa yamekwisha kuuzwa na ardhi ikitayarishwa tena. Kwa hiyo huyaona makosa yake mwenyewe yakikua. Mche alioufunga vibaya mwezi wa Oktoba huvunjika kwa uzito wa matunda mwezi wa Januari, naye bado yupo pale. Hilo halipatikani katika maonyesho ya ukulima ya siku tatu, wala katika ziara ya juma moja ya wakubwa wa serikali.

ELIMU YA MAJI

Katika yote anayoyaona, maji ndiyo yanayobadilisha akili ya kijana kuliko kitu kingine. Wasomaji wengi wamekwisha kuuona ule mpira mweusi mwembamba wenye vitundu, ambao hulazwa kando ya mimea na kutoa maji tone kwa tone. Mwanzo wake ni habari ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa maji aitwaye Simcha Blass alionyeshwa mti uliokuwa mkubwa kuliko wenzake wote, ijapokuwa hakuna aliyeumwagia maji. Alipochunguza aliona kwamba bomba lililo karibu lilikuwa likivuja kidogo kidogo kwenye mizizi yake. Miaka mingi ilipita kabla ya kupatikana mabomba ya plastiki ya bei nafuu, na mwaka 1965 Bwana Blass alipatana na watu wa kijiji cha Hatzerim kuanzisha kiwanda cha vifaa hivyo.

Kuununua mpira huo si kazi ngumu. Kazi ni kuutawala. Tundu moja hutoa lita moja au mbili hivi kwa saa, na lisipotoa kitu, mmea ulio mbele yake hufa pasipo kelele, maana mtu atazamaye kutoka mbali huona kwamba shamba lote ni bichi. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kutembea mstari baada ya mstari akitazama chini. Hufundishwa kuosha chujio, kwa kuwa mchanga kidogo tu huziba vitundu mamia. Hufundishwa kufungua ncha za mipira ili uchafu utoke, na kuyeyusha mbolea ndani ya maji kwa kipimo, kusudi kila mmea upate chakula chake pamoja na kinywaji. Yote huandikwa: saa ngapi maji yalifunguliwa, lita ngapi zilipita, mbolea kiasi gani ilitiwa. Mwanafunzi mwenye akili hujiandikia daftari lake mwenyewe, na daftari hilo ni mali atakayorudi nayo, ijapokuwa forodhani hakuna atakayeliuliza.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalitazamii. Maji ya visima vya Arava yana chumvi. Mtu asiyejua hufikiri kwamba jangwani kanuni ni moja tu, yaani kupunguza maji daima. Kumbe ukipunguza mno, chumvi hubaki karibu na mizizi ikaunguza mmea. Ni lazima mara nyingine kutoa maji zaidi ya yale mmea unayoyahitaji, ili chumvi isukumwe chini. Kijana aliyetoka Kitui au Kajiado, ambako visima vingine ni vya chumvi vilevile, akilishika jambo hilo moja tu amekwisha kupata faida kubwa, kwa kuwa ameona kwamba ukame una hesabu yake, na hesabu hiyo yaweza kujifunzwa.

FEDHA NA MKATABA

Si kweli kwamba vijana huenda kwa ajili ya elimu peke yake, na hapana aibu kulisema hilo. Kazi ya mwanafunzi hulipwa, na kipimo chake ni mshahara wa chini uliowekwa na sheria ya nchi. Katika Aprili 2024 mshahara huo ulifanywa kuwa shekeli 5,880 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa siku zote, yapata shilingi laki mbili za Kenya. Karani wa Nairobi akisikia hesabu hiyo hufumbua macho. Lakini mwanafunzi hapati zote. Siku ya darasa si siku ya mshahara, na katika fedha zake hutoka ada ya masomo, malazi, bima, na chakula ambacho bei yake katika nchi ile si ndogo. Tena kabla ya kuondoka kulikuwa na tikiti ya ndege, pasipoti na hati nyingine, na mara nyingi fedha hizo zilitoka kwa ng'ombe aliyeuzwa au kwa mkopo wa chama cha akiba. Miezi ya kwanza, basi, ni ya kulipa deni.

Kijana aijuaye hesabu hiyo mapema hurudi na kitu. Asiyeijua hutumia fedha yake kwa simu na viatu, akashuka uwanja wa ndege akiwa na picha nzuri na deni lilelile.

Lawama kubwa inayotolewa juu ya mipango hii ni kwamba mwanafunzi huweza kugeuzwa kibarua kwa jina la masomo. Siku tano za kazi na moja ya darasa si mizani iliyo sawa, na shamba ambalo mwenyewe hana moyo wa kufundisha huweza kumweka kijana mwaka mzima katika chumba cha kufungia makasha. Jambo hili halikuanzia Israel wala haliko huko peke yake. Marekani ina mpango mkubwa wa wanafunzi wa kigeni kufanya kazi wakati wa likizo, uliotokana na sheria ya mwaka 1961. Mwezi wa Agosti 2011, katika jimbo la Pennsylvania, mamia ya wanafunzi hao kutoka nchi mbalimbali waliacha kazi wakaandamana nje ya ghala la kupakia chokoleti. Walikuwa wamelipa maelfu ya dola ili wakaone maisha ya Wamarekani. Badala yake walijikuta wakiinua masanduku mazito, wengine usiku kucha, na kodi ya nyumba ikikatwa katika mishahara yao. Mwaka uliofuata serikali ya nchi hiyo iliibadili kanuni, ikawakataza wanafunzi wa mpango huo kazi za maghala na kazi ambazo saa zake nyingi ni za usiku. Vijana wale walikuwa wageni katika nchi ya watu, lakini walisoma mikataba yao, wakaungana, wakasema. Hapana shaka kwamba hilo nalo liliwafunza kitu ambacho hakikuandikwa katika mpango.

Kwa mzazi wa Kenya au Tanzania iko tofauti moja ya kuangalia sana. Mpango wa masomo si sawa na kuandikwa kazi. Baada ya vita kuanza mwaka 2023, wafanyakazi wengi wa kigeni waliondoka mashambani, na Israel ikatafuta watu wengine wa kuvuna. Malawi ilipeleka vijana 221 mwezi wa Novemba mwaka huo, na Kenya nayo ilitangaza kwamba ingepeleka watu 1,500. Hao walitakiwa kama wafanyakazi. Anayekwenda kwa kazi ana haki yake na mshahara wake, lakini asimwambie baba yake kwamba amekwenda kusoma. Na anayekwenda kusoma yafaa ajue, kabla hajatia sahihi, ni nani atakayemfundisha, siku gani, na atapewa hati gani mwishoni.

Tena ajue atawekwa wapi. Habari hii ni ya huzuni, lakini haiwezi kuachwa. Tarehe 7 Oktoba 2023 wapiganaji wa Hamas walitoka Gaza wakavishambulia vijiji vya kusini mwa Israel, wakaua watu wapatao 1,200. Katika kijiji cha Alumim waliuawa wanafunzi 10 wa Nepal waliokuwa katika mpango wa kujifunza na kufanya kazi. Walikuwa hawajatimiza mwezi mmoja tangu kufika. Walikufa pia vijana wawili wa Tanzania, wa miaka 21 na 22, waliokuwa wamefika mwezi wa Septemba miongoni mwa kundi la vijana wapatao 260. Arava iko mbali na Gaza, lakini wawili hao walikuwa wamewekwa katika vijiji vilivyo karibu kabisa na mpaka, mmoja wao akifanya kazi ya ng'ombe wa maziwa. Wazazi wa huyo waliambiwa mwezi wa Desemba kwamba mwana wao amekufa, na mwili wake ulibaki Gaza hata Novemba 2025. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Wale vijana wawili hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Walikwenda kujifunza kulima na kufuga.

KURUDI NYUMBANI

Inasemwa mara nyingi kwamba kijana akirudi ataigeuza Turkana iwe Arava. Maneno hayo ni mepesi mno. Mkulima wa Arava ana barabara ya lami mpaka shambani, umeme, kituo cha utafiti karibu naye, na soko la Ulaya lililokwisha kutengenezwa na waliomtangulia. Kijana arudiye Makueni hukuta mto wa mchanga na punda wa kuchota maji. Hana ardhi, kwa kuwa shamba ni la baba yake, na baba bado yu hai tena ana nguvu. Akienda benki huulizwa hati ya shamba.

Wengine hapo hukata tamaa. Huandika barua za kuomba kazi mjini, au hutafuta njia ya kurudi ng'ambo, na kila mkutano na wenzao huwa ni wa kusimulia mambo ya huko. Hilo halina budi kuhesabiwa pia katika faida na hasara za mipango hii.

Hata hivyo iko sababu ya kudhani kwamba kijana kama huyo ndiye mtu aliyekuwa akikosekana. Katika miaka ya 1990 shirika la utafiti wa ukulima la Kenya, KARI, liliwaeneza wakulima wadogo vifaa vya matone vya bei ndogo: ndoo iliyoinuliwa juu kiasi cha mita moja, chujio, na mipira miwili ya kulazwa kwenye tuta la mboga. Wazo lilikuwa zuri, na mama mwenye bustani ya sukumawiki aliweza kulima wakati wa ukame kwa ndoo chache kwa siku. Lakini wengi waliviacha vifaa hivyo baada ya muda. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha baadhi ya sababu: maji yasiyotegemewa, kutovitunza vifaa, na kwamba watu hao hawakuzoea desturi ya kumwagilia mimea. Vitundu viliziba, na hakukuwa na mtu kijijini aliyejua kuvizibua. Ndoo ilirudi jikoni.

Kuzibua vitundu ni kazi ambayo mwanafunzi wa Arava ameifanya asubuhi nyingi mpaka akaichukia. Hahitaji kiwanda wala wataalamu kutoka nje. Anahitaji tangi, chujio, mipira ya robo eka, na maji ambayo hata yakiwa machache yatapatikana kila juma. Zaidi ya vyote anahitaji ile robo eka yenyewe, na hapo shauri huhama kutoka kwa wataalamu likaenda barazani kwa mzee.

Shauri hilo si jepesi kwa upande wo wote. Mzee amelima mahindi miaka 30 katika ardhi hiyo, na mahindi hayo ndiyo yaliyolipa karo ya shule. Kijana akija na maneno makubwa ya jangwani, mzee humjibu, "Mwanangu, huko ulikuwa mgeni, hapa ng'ombe wa jirani watakula mipira yako." Nalo ni neno la kweli, maana ua ni gharama pia. Lakini kijana aliyejifunza kazi hasa hasemi habari za Israel. Huamka mapema akapima kisima asubuhi na jioni kwa majuma kadhaa, ajue hujaa kwa saa ngapi. Huuliza bei ya nyanya sokoni mwezi wa Februari, wakati ambapo hakuna mwenye nyanya. Kisha humwomba baba sehemu iliyo karibu na kisima, ile ambayo mahindi yake hukauka kila mwaka, na ambayo kwa hiyo mzee hana hasara kubwa kuitoa. Ndipo daftari la Arava hufunguliwa mezani, na hesabu za lita, mistari na miche zikasomwa mbele ya baba, mama na ndugu, kabla ya mtu ye yote kutaja habari ya mkopo.